Kitabu cha Wiki ya Tatu

Chukua kitini cha sayansi ya malighafi kwa mwanafunzi yeyote wa uhandisi wa mwaka wa pili, ufungue ukurasa wenye picha ya perlaiti. Perlaiti hujitokeza ndani ya chuma chenye kaboni asilimia 0.76 hivi kinapopoa taratibu na kushuka chini ya nyuzi 727 za Selisiasi: matabaka membamba ya feraiti laini na sementaiti ngumu, yakipishana kama milia ya mkeka. Anayeielewa milia hiyo anaelewa kwa nini reli ya treni inavumilia magurudumu miaka nenda miaka rudi. Katika kitini, picha yenyewe ni doa jeusi. Ilitolewa kopi kwenye kopi, nayo kopi hiyo ilitoka kwenye kopi nyingine, hadi milia yote ikamezwa na wino. Maelezo ya chini yake bado yanasomeka, yanamtaka msomaji atazame jinsi matabaka yanavyopishana.

Doa hilo nimelikuta mara nyingi, kwanza nikiwa mwanafunzi, kisha nikiwa miongoni mwa wanaokaa vikaoni kuteua vitabu vya kozi. Sijawahi kumpata mtu mmoja aliyelisababisha. Kabla ya ukurasa ule kufika mezani kulikuwa na mpango, bajeti, kikao, ankara, meli, rafu na mashine ya kopi, na kila hatua ilishikwa na mtu aliyeamini kwamba amemaliza kazi yake. Ndiyo maana naona uteuzi wa kitabu cha kiada upimwe kama tunavyopima kisima cha kijiji: kilichoahidiwa, kilichochimbwa, kilichoachwa, na nani anayeteka maji mwishoni.

Kwenye karatasi, mradi wa aina hii huanza vizuri. Muhtasari wa kozi unapopitiwa upya, kamati huahidi mambo yasiyo na ubishi: kitabu kimoja kikuu kwa kozi nzima, maudhui yanayolingana na mtaala, nakala za kutosha, na vyote viwe tayari kabla ya muhula kuanza. Uwiano unaoandikwa mara nyingi ni nakala moja kwa wanafunzi wawili au watatu. Hakuna anayepinga. Ugumu huanza pale wahadhiri wanapoweka vitabu vitatu au vinne mezani na kuulizana kipi kichukuliwe.

Vitabu vya utangulizi vya somo hili vinakaribiana kwa unene: vingi vina kurasa 800 hadi 1,000, sura ishirini hivi, na uzito wa karibu kilo mbili. Tofauti iko kwenye mlango wa kuingilia. Kundi la kwanza, ambalo ndilo la siku nyingi, huanzia kwenye atomu. Mwanafunzi hupitia vifungo vya atomu, fuwele na kasoro za fuwele, ndipo afike kwenye nguvu za metali na michoro ya awamu, halafu seramiki, polima, na kutu. Kundi la pili huanzia kwenye kitu kinachotakiwa kutengenezwa, tuseme mhimili mwepesi usiopinda au sufuria inayopitisha joto upesi. Huuliza malighafi ipi inafaa, kisha hushuka hadi kwenye atomu kutafuta sababu. Vitabu vya kundi hili vina chati kubwa zenye ukakamavu upande mmoja na densiti upande wa pili, ambamo mbao, metali, plastiki na seramiki kila moja imekaa kwenye kisiwa chake.

Kila kundi lina sifa zake, na nimewaona wahadhiri wazuri wakifundisha vizuri kwa lolote kati ya hayo mawili. Kinachopitwa haraka kikaoni ni kalenda. Muhula una wiki 15. Kwa saa tatu kwa wiki mhadhiri ana saa 45, na akishaondoa majaribio na sikukuu anabaki na 38 au 40. Sura ishirini haziingii humo. Katika vitabu vinavyoanzia kwenye atomu, sura ya kutu mara nyingi iko nyuma kabisa, na nyuma ya kitabu hakufikiwi.

Mhandisi ujenzi aliyehitimu bila sura hiyo, akapangiwa kazi Tanga, Mombasa au Unguja, anakwenda kukutana na chumvi ya bahari inayopenya zege hadi kwenye nondo. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, mara mbili na zaidi, nayo ndiyo inayolipasua zege kutoka ndani. Kwenye nyumba nyingi za pwani unaiona kwa macho: ufa mrefu chini ya baraza ukifuata mstari wa nondo, na ukoko wa rangi ya kahawia ukichungulia. Wakati huohuo, sura iliyosomwa kwa utulivu wiki ya saba ilieleza jinsi chuma kinavyokuwa rahisi kuvunjika kwenye baridi, kwa mfano wa meli za mizigo za Marekani zilizopasuka mabamba wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mfano ni wa kweli na unafundisha. Ila anayejenga Pemba angeuhitaji ule mwingine kwanza, na hakuna aliyeupangia wiki.

Hilo si kosa la waandishi, maana waliandikia wanafunzi wa kwao. Hao hao hawana sababu ya kutaja kwamba upande wa magharibi wa Ziwa Viktoria Wahaya waliyeyusha chuma kwenye tanuri za udongo tangu karibu miaka 2,000 iliyopita, wakipata chuma chenye kaboni, jambo lililochapishwa kwenye jarida kubwa la kisayansi mwaka 1978. Mhadhiri anayelijua hulitaja kwa dakika tano na darasa zima huinua vichwa. Asiyelijua hatalipata kwenye kitabu kilichoteuliwa. Kwa hiyo mpango uliokamilika ungekuwa na vitu viwili, yaani kitabu na kijitabu cha nyongeza chenye mifano ya hapa: zege na chumvi, nondo, nyuzi za mkonge, mawe ya matumbawe na chokaa ya majumba ya Lamu na Kilwa. Kijitabu hicho hutajwa kwenye kumbukumbu za vikao vingi. Kukiona kimechapwa ni nadra.

Kikao kikishaamua, kazi huhama kutoka kwa wanaolijua somo kwenda kwa wanaojua ununuzi, na hapo ndipo ujenzi wenyewe huanza. Ofisa ununuzi hupokea jina la kitabu, toleo na idadi. Anatafuta bei kwa wauzaji watatu, anapata profoma, anaandaa hati, anasubiri saini. Kila hatua ina sababu yake, maana fedha ni za umma au ni ada za wazazi, na lazima zihesabike. Lakini jina la kitabu pekee halitoshi. Kitabu kilekile huwa na toleo la Marekani na toleo la kimataifa, na tofauti inaweza kuwa tarakimu chache tu za nambari ya kitabu. La kwanza huweza kuutaja ukakamavu wa chuma kuwa pauni milioni 29 au 30 kwa inchi ya mraba, wakati maabara na mitihani ya hapa inatumia gigapaskali, yaani 200 hivi. Matoleo hayo yanaweza kutofautiana hata katika mpangilio wa maswali. Zikifika nakala 20 za huku na 20 za kule, swali la 7 la sura ya tatu linakuwa maswali mawili tofauti, na mhadhiri anasahihisha kazi ambazo nusu ya darasa haikuagizwa.

Hatua inayofuata ni ya fedha, na hapa naomba msomaji avumilie hesabu kidogo. Bajeti huandikwa kwa shilingi, bei ya kitabu ni ya dola. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa karibu shilingi 2,300 za Tanzania; kufikia katikati ya 2024 ilikuwa imevuka 2,600. Idara iliyotenga fedha za nakala 60 kwa kiwango cha kwanza ingepata nakala 53 kwa kiwango cha pili, bila mtu kupandisha bei wala kula senti. Nchini Kenya mtikisiko ulikuwa mkubwa zaidi: kutoka shilingi 123 hivi mwanzoni mwa 2023 hadi karibu 160 mwanzoni mwa 2024, kabla shilingi haijajirudi. Nakala 60 zingekuwa 46. Aliyelipia miezi michache baadaye, dola ilipofika 130, angepata karibu zote. Pengo kati ya 46 na karibu 57 ni tarehe ya malipo tu, na tarehe hiyo haipangwi na aliyekiteua kitabu.

Gharama hukua pia kwa njia za kimyakimya. Nakala 60 za kilo mbili ni kilo 120, na uzito huo haukuandikwa kwenye makadirio kwa sababu aliyeandika alikuwa akifikiria bei ya jalada. Agizo dogo halipati punguzo. Meli ni nafuu lakini ni polepole, ndege ni ya haraka na inakula bajeti, na kwa vile kila kitu kilichelewa, ndege ndiyo inayochaguliwa. Kuna ada za bandari, wakala wa forodha, usafiri hadi bara. Kisha, vitabu vikiwa bado safarini, mchapishaji hutoa toleo jipya. Vitabu hivi hupata toleo jipya kila baada ya miaka kadhaa, na mabadiliko mengi huwa madogo: maswali yamepangwa upya, picha zimetiwa rangi, sura moja imegawanywa. Mchoro wa chuma na kaboni haujabadilika kiasi cha kumsumbua mwanafunzi wa mwaka wa pili. Hata hivyo kikao kijacho huagiza toleo jipya, na yale ya zamani hushushwa hadhi yakiwa na hali nzuri. Mimi ningeyaacha kwenye rafu. Toleo la miaka kumi iliyopita linafundisha perlaiti sawasawa na la mwaka huu.

Katika taarifa, mradi huandikwa kuwa umekamilika siku maboksi yanapopokelewa stoo. Kuna hati ya kupokelea, kuna muhuri, kuna sahihi. Kwa mtazamo wa mhasibu ni sahihi, kwani fedha zimetoka na mali imeingia. Kwa mtazamo wa mwanafunzi kitabu bado kiko safarini. Kinasubiri kuorodheshwa, kupigwa muhuri wa maktaba, kupewa namba ya rafu, na maktaba yenyewe ina wafanyakazi wachache na maboksi ya idara nyingine tano. Nimewahi kuona vitabu vya kozi vikiwa ndani ya plastiki zake ghorofa moja chini ya darasa lililokuwa likivisubiri. Hakuna aliyevificha. Zamu yake ilikuwa haijafika.

Vikishafika rafuni, swali linakuwa la kuvifikia. Nakala nyingi huazimwa siku za kwanza na wanaowahi, chache hubaki kwenye dawati la akiba ambako husomwa humohumo kwa saa mbili. Kijana anafika dawatini akiwa na daftari. "Shikamoo dada. Kile kitabu cha malighafi kimerudi?" "Marahaba. Bado, mdogo wangu. Jaribu saa kumi." Saa kumi ana maabara. Tuseme nakala za akiba ni tatu na maktaba iko wazi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nne usiku. Hizo ni saa 14, zamu saba kwa kila nakala, zamu 21 kwa siku. Darasa la watu 120 likigawana kwa haki kamili, kila mmoja anapata saa mbili mara moja katika siku sita. Wiki ya jaribio kila mtu anataka siku ileile.

Basi anakwenda kwa mwenye mashine ya kopi nje ya geti. Namwelewa, na mwenye mashine namwelewa pia. Wanatoa sura zinazofundishwa wiki hiyo, kwa sababu hela ni ya sura tatu. Viambatisho vya mwisho wa kitabu, vyenye majedwali ya ukakamavu, densiti na nguvu za malighafi, havitolewi kopi kwa kuwa havina namba ya sura. Wiki moja baadaye swali linamtaka mwanafunzi achukue thamani kutoka jedwali la kiambatisho, na jedwali halipo kwenye kitini cha mtu yeyote. Chati zenye visiwa vya rangi zinatoka kijivu kitupu. Wengine wanasoma faili lililopita kutoka simu hadi simu, wakikuza mchoro wa awamu kwa vidole viwili mpaka namba za pembeni zinatoka nje ya kioo. Bumu, yaani mkopo wa mwanafunzi, likichelewa, hata ile pesa ya vitabu na viandikwa huwa imeshakuwa chakula.

Toleo la kielektroniki lilitarajiwa kumaliza haya, na kwa sehemu limefanya hivyo. Halina uzito, halipiti bandarini, picha zake ni safi. Lakini nalo lina masharti yanayosomwa baada ya kulipia. Leseni inaweza kuwa ya watumiaji watatu kwa wakati mmoja, kwa hiyo usiku wa kuamkia jaribio mtu wa nne anaambiwa asubiri. Inaweza kufunguka kwenye mtandao wa chuo tu, na mwanafunzi aliye kwenye mafunzo kwa vitendo Mtwara au Kisumu akabaki nje. Leseni nyingine huisha Desemba, katikati ya mwaka wa masomo, na kuihuisha ni bajeti nyingine kila mwaka, isiyokuwamo kwenye makadirio ya awali kwa sababu kitabu kilihesabiwa kama kitu kinachonunuliwa mara moja.

Yanayobaki bila kufanywa huwa madogo, na udogo wao ndio unaoyafanya yasahaulike. Ramani ya kozi inayosema wiki hii soma kurasa hizi, ruka hizi, haiandikwi. Mwongozo wa majibu wa mwalimu hauombwi, au unaombwa kwa baruapepe binafsi na mchapishaji anataka ya chuo. Hakuna anayerudi baada ya mwaka kuhesabu nakala ngapi zimeazimwa mara ngapi. Unyevu wa pwani unalegeza gundi ya jalada na kuleta ukungu, na fungu la ukarabati halikutengwa.

Kuna wahadhiri wanaoziba mapengo haya kwa juhudi zao, na ni haki kusema wanafanya nini. Mmoja niliyesoma kwake alipiga chapa majedwali yote ya viambatisho kwenye karatasi nne, akayagawa siku ya kwanza. Karatasi hizo tulizitumia hadi mwaka wa nne. Mwaka ambao vitabu havikufika, alinunua springi kuukuu ya gari kwenye vyuma chakavu, akakata kipande, akakipasha moto na kukiacha kipoe taratibu ndani ya tanuri la maabara. Tulikisugua kwa msasa, kuanzia ule wa kukwaruza hadi laini kabisa, tukakipaka tindikali ya nitriki iliyozimuliwa kwa spiriti, tukakiweka chini ya darubini. Milia ilikuwepo. Tulipanga foleni kuitazama, kila mtu kwa jicho moja, na hakuna aliyetaka kutoka. Ila mhadhiri mwenyewe alituambia waziwazi kwamba hiyo ni picha moja tu, na kitabu kilikuwa na mamia.

Anayepanga mradi wa namna hii kwa kawaida huanza na tarehe ya kikao, kisha huhesabu kwenda mbele. Ukihesabu kurudi nyuma, mambo hujionyesha tofauti. Siku ambayo kitabu kinahitajika hasa ni wiki ya tatu ya muhula, kazi ya kwanza ya nyumbani inapotolewa. Muhula ukianza Novemba mapema, vitabu viwe rafuni katikati ya Oktoba. Kuviorodhesha kunataka wiki sita, kwa hiyo viwe vimefika mwanzoni mwa Septemba. Muuzaji, meli na forodha ni miezi mitatu hadi minne, kwa hiyo agizo litoke Mei, nalo litoke kabla ya 30 Juni, mwaka wa fedha unapofungwa na salio kurudi. Bei zikusanywe Februari hadi Aprili. Kamati iwe imeamua Januari. Na ili iamue baada ya kusoma kweli, kupima sura dhidi ya wiki na kuhakiki nambari ya toleo, nakala za sampuli ziwe mikononi mwa wahadhiri Novemba ya mwaka uliotangulia, wiki zilezile ambazo darasa lililopo liko dawatini likiuliza kama kitabu chake kimerudi.